Kushoto Geuka

Saa nane za usiku simu inalia chini ya mto.
Navaa miwani, kofia naiacha.
Thuwaiba yuko macho, ananitazama kwa lile jicho la kushoto
lisilokubali kuzeeka.
"Kushoto, geuka," namwambia.
Hageuki. Namgeuza mimi.

Miaka ishirini na sita nilisimama uwanjani, fimbo kwapani,
vijana mia mbili wakipiga mguu chini kwa neno langu moja,
vumbi likipanda hadi kwenye kope.
Wale niliwaamrisha kwa Kiarabu. Huyu nampa Kiswahili,
kile cha paredi ya skuli, Wete, kabla hatujajuana:
mguu sawa, mguu pande.
Mguu wake hauwi sawa. Umelala pande tangu Rajabu,
kidole gumba kimeelekea ukutani
kama mtoto aliyenuna.

Sista Bindu huja Jumanne kutoka kituo cha afya,
hunifundisha kwa Kiarabu chake cha Kerala na kwa mikono:
mto chini ya shavu la mguu, kisigino kielee.
Shuka isiwe na mkunjo, hata mmoja.
Mkunjo wa shuka, asema, una meno.
Sikumwamini. Wiki ya tatu niliyaona:
doa jekundu juu ya mfupa wa nyonga.
Nikalibonyeza, halikufifia.
Tangu hapo naipapasa shuka kama nilivyokagua vitanda kambini,
kwa kiganja, kona hadi kona,
na anayeogopa ukaguzi ni mimi.

Hakuna aliyenambia kwamba kulala ni kazi inayouchosha mwili.
Kwamba paja hujila lenyewe usiku.
Naupima mguu wake kwa tepu yake mwenyewe,
ile aliyowapimia maharusi wote wa Al Khod na Mabela:
Shaabani, sentimita thelathini na mbili;
leo, ishirini na nane.
Kwamba makohozi hutuama kifuani
kama maji ya birika lisilochotwa.
Kwamba tumbo nalo hugoma, na furaha ya nyumba nzima
inaweza kuwa choo cha Alhamisi.
Kwamba vidole visiponyooshwa hufunga ngumi
vikaisahau njia ya kurudi.
Nimemtilia kanga iliyoviringwa kiganjani.
Jina la kanga silitaji. Aliinunua tulipogombana.

Nje Juni inaunguza hata kivuli cha gari.
Ndani kiyoyozi kinavuma, mchana na usiku vimekuwa ndugu,
adhana tu ndiyo inayovitenganisha.
Jirani Zahor alipita juzi. "Mwache apumzike, masikini."
Nikammiminia kahawa, nikamsogezea halua,
nikanyamaza.
Kupumzika ndiko kunakomla.

Kiwiko: kunja, nyosha. Mara kumi.
Kifundo: juu, chini. Mara kumi.
Bega polepole, Bindu kasema lisivutwe.
Nahesabu kwa sauti ya uwanjani iliyovuliwa viatu.

Baina ya zamu na zamu nakaa kwenye kiti cha plastiki,
namlinda asiganda, nami naganda.

Saa kumi simu ikalia tena.
Nikataka kuinuka, goti likakataa,
likalia kama mlango wa stoo.
Thuwaiba akacheka, nusu ya mdomo,
akaunyanyua ule mkono mzima
akanichapa pajani, kofi la kweli.
"Ge," akasema. Akatafuta, jicho darini.
"Ge. Geu."

Nikasimama. Nikapiga mguu chini juu ya zulia
na kikoi changu cha kulalia,
kushoto, kulia, kushoto,
mzee wa miaka sabini na minne, gwaride chumbani,
naye ananihesabia:
moja.
Moja.
Moja.
Mbili hajaifika,
na mimi hakuna aliyenipa amri ya kusimama.